Duka Halifungwi Mchana

Kwa Mzee Waziri, muuza vitenge wa soko la Muyinga, duka halikuwa kitu cha kufungwa mchana. Usimuulize sababu, atakukodolea macho kama umemuuliza kwa nini watu wanakula. Akienda msikitini Ijumaa, mkewe Layla alikuja kukaa. Layla akijifungua, alikaa wifi yake. Hata Layla alipofariki, Mungu amrehemu, watu walirudi kutoka makaburini wakakuta vitenge vimetundikwa nje kama kawaida, na Longino, muuza chumvi wa kibanda cha pili, Mkristo wa watu, amekaa kwenye kiti cha marehemu anapima vitambaa huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyemtuma. Soko zima lilijua desturi ya nyumba ile.

"Mutu akikuta mlango imefungwa," mzee alizoea kusema, "atasema hapa hakuna watu."

Kwa hiyo kila mtoto wa Waziri alipewa ufunguo wake wa duka mara tu alipoweza kuufikia mlango. Salima, mziwanda wao, alikuwa na wake tangu utoto. Ila alipohamia Gitega kutengeneza simu na kompyuta, aliuacha umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni. Hakukuwa na ugomvi. Alisema tu kwamba utampotea bure njiani. Mzee hakuutoa ufunguo ule pale msumarini, na kila akifagia alifagia huku akiukwepa kwa bega.

Gitega alipanga chumba kimoja kwenye mtaa wa Waswahili, ukuta kwa ukuta na Aisha, mshonaji. Mlango wa chuma, kufuli kubwa, na ufunguo mmoja tu duniani, ambao Salima aliutembeza kifuani. Aisha alimtania mpaka akachoka. "We unaficha nini humo ndani? Bwana?"

Alikuwa anaficha mashine. Watu wa kahawa wa nchi kadhaa walikuwa wameanzisha mtandao wa blokucheni, yaani daftari la pamoja la kwenye kompyuta lisilo na mwenyewe mmoja. Kila mzigo wa kahawa ukisafiri, kompyuta za mashahidi huulizwa, kila moja hutia sahihi yake, na kilichotiwa sahihi hakifutiki tena. Kompyuta kama hiyo wanaiita nodi. Salima aliomba kuwa shahidi akakubaliwa, na malipo yake yakawa ndiyo kodi ya chumba na chakula. Lakini shahidi haingii hivihivi. Anaweka amana kwanza, na amana hiyo hukaa mikononi mwa mtandao mpaka siku atakapoondoka.

Salima hakuwa na amana. Alipokwenda nyumbani Muyinga kueleza, Mzee Waziri ndiye aliyekwenda chumbani, akarudi na fundo la kanga, akalifungua juu ya mkeka. Bangili za dhahabu za Layla.

"Mama yako hakuzivaa sokoni hata siku moja, aliogopa wezi," alisema. "Bon, basi. Ziende sasa zifanye kazi." Salima aliziuza, na fedha yake ndiyo ikawa amana.

Nodi ya kwanza Salima aliisimika palepale sebuleni Muyinga, alipokuwa nyumbani mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mzee alikuwa na paneli za sola juu ya bati na betri nzuri chini ya meza. Alinunua kompyuta kuukuu ya ofisi moja iliyofunga, akaifuta yote, akaweka Linux, mfumo wa kuiendeshea, kutoka kwenye flashi, akashusha programu ya mtandao, akaandika amri moja baada ya nyingine kwenye kioo cheusi. Mzee alikaa nyuma yake anavuta tasbihi.

"Iko inaandika nini hiyo?"

"Inasoma, Baba. Inasoma yote wenzake waliyoandika kabla haijazaliwa. Ikiwafikia ndiyo itaruhusiwa kutia sahihi."

"Ah. Mutoto anafundishwa kwanza."

"Ndiyo hivyo."

Ilisoma siku nyingi. Ilipomaliza na taa ya shahidi ikawaka kijani kwenye ukurasa wa mtandao, mzee aliomba aonyeshwe kifungo cha kuwashia. Hicho tu. Mengine yalijiendesha yenyewe, Salima aliyapanga hivyo, ukiiwasha tu programu inaamka pamoja nayo.

Baadaye alipata mashine bora Gitega. Akarudi Muyinga, akanakili ufunguo wa siri wa kutilia sahihi, yaani faili linalomtambulisha shahidi kwenye mtandao, akauhamishia kwenye mashine mpya, akaizima ile ya Muyinga. Na hapo, jamani, ndipo alipokosea. Kila mwenye kazi hiyo anajua: ukihamisha ufunguo, unafuta ule wa zamani kabla hata hujanywa chai. Shahidi asipoonekana kazini, mtandao humkata kijisehemu kidogo cha amana, si cha kulilia. Lakini mashine mbili zikitia sahihi kwa jina moja, kila moja kivyake, mtandao hausemi ni bahati mbaya. Unasema ni mwizi. Amana yote inaungua, jina linafungiwa daima, na hakuna ofisi ya kwenda kupiga magoti. Salima alilijua hilo vizuri. Vidole vilifika kwenye amri ya kufuta, vikasita. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumnyang'anya mwenzake ufunguo. Akajiambia atafuta Idi ijayo, iwe akiba tu.

Sasa, siku yenyewe. Umeme ulikatika Gitega mapema asubuhi, mtaa mzima. Salima alikuwa na kazi Giheta, kutengeneza simu ambazo kikundi cha wakulima wa kahawa kilitumia kuandikishia mizigo, akafunga kufuli lake akaondoka. Njiani alimpigia baba yake, kama alivyompigia kila asubuhi.

"Umeamkaje, Mama?" Mzee alimwita Mama kwa sababu jina alilobeba Salima lilikuwa la mama mzazi wa mzee.

"Mi niko muzima, Baba. Ila leo duka yangu, ile mashine, iko imefungwa. Umeme haiko, na mi niko naenda Giheta."

"Imefungwa? Mchana?"

"Tutafanyaje?" alisema Salima, akacheka, na simu ikakatika kwenye kona za mlima. Hakuliwaza tena.

Katibu wa kikundi cha Giheta alikuwa Vumilia, mwanamke aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka wenzake wakamwita mtangazaji. Adhuhuri ilipofika, simu zote zilikuwa zimepona. Vumilia alifungua ukurasa wa mtandao kuhakikisha mzigo wake umepita.

"Salima, si ulisema kwenu umeme umekatika?"

"Tangu asubuhi. Nimempigia Aisha muda si mrefu, haujarudi."

"Mbona shahidi wako anawaka kijani? Ametia sahihi mzigo wangu sasa hivi."

Salima alicheka. Akaichukua simu, akaangalia. Asubuhi yote jina lake lilikuwa jekundu, kisha adhuhuri likawa kijani, zima, linapumua. Mashine yake ilikuwa imelala gizani nyuma ya kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa hapa kifuani, unamchoma ngozi. Kicheko kilimkauka mdomoni. Mashine iliyolala majuma kadhaa, kama ile ya Muyinga, ikiamshwa asubuhi huhitaji kusoma mpaka adhuhuri ndipo iwafikie wenzake.

"Baba," alisema. "Yo! Baba weee!"

Akapiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita tena. Ile mashine ya Muyinga hakuwa ameiachia njia ya kuingilia kwa mbali, kwa hiyo hapa Giheta hakuwa na la kuifanya.

"Lakini si vizuri?" Vumilia aliuliza. "Mzee amekushikia nafasi. Kazi inaendelea."

"Vumilia, umeme ikirudi Gitega, mashine yangu itaamka yenyewe. Mi mwenyewe niliipanga hivyo, ikipata umeme tu iwake, isiningoje. Itasoma kidogo ilichokosa leo, haitachukua hata nusu saa, halafu itaanza kutia sahihi. Watakuwa wawili. Bangili ya mama yangu yote itaungua!"

"Mwambie huyo Aisha aikate."

Alikuwa amekwisha kupiga. Simu ya Aisha sasa ilikuwa imezimika kabisa, chaji imekwisha, si umeme haukuwapo. Na hata angempata, angeingilia wapi? Chumba cha mtu yeyote wa ukoo wa Waziri kingefunguliwa na jirani. Chake peke yake ndicho kilichokuwa hakina pa kuingilia. Salima aliegemea magunia.

Kituoni Giheta mabasi madogo yalikuwa yamepangana bila mafuta, madereva wamelala ndani. Vumilia alizunguka huku na huku akampata Kastori, mwenye pikipiki, aliyekuwa na mafuta kwenye chupa ya maji na hakutaka kuyamwaga ovyo. Akakubali. Lakini kila wakifika mteremko, Kastori alizima injini, pikipiki ikashuka kimya, upepo tu masikioni.

"Kastori, washa basi!"

"Mama, mteremko iko bure."

"Mi nitakulipa mafuta yote!"

"Utayalipa, sawa. Utayapata wapi?"

Salima akakishika chuma cha nyuma kwa mikono miwili na kutega sikio. Kila walipopita karibu na nyumba alisikiliza kama kuna redio, kama kuna mashine ya kusaga. Kimya. Alhamdulillahi, kimya. Wanawake wakichuma maharage, mbuzi, kimya. Maisha yake yote alikuwa ameomba umeme urudi. Leo aliomba ubaki hukohuko ulikokwenda, na aliona haya kuomba hivyo, kwa maana alijua hospitali nayo inausubiri.

Waliingia mjini. Walikuwa wanapanda kuelekea mtaa wa Waswahili aliposikia watoto wakipiga ile kelele ya furaha, nyumba hadi nyumba, kelele inayokimbia mbele ya umeme wenyewe. Kwa kinyozi muziki ukalipuka. Mashine ya unga ikakoroma. Salima aliruka pikipiki ikiwa bado inakwenda, kandambili moja ikabaki barabarani, akakimbia.

Aisha alikuwa mlangoni kwake, uso unang'aa. "Salima! Umeme imerudi!"

Hakumjibu. Kufuli lilikataa, au ni vidole vilivyokataa. Ndani alisikia feni ya mashine ikizunguka, ile sauti ndogo aliyozoea kulala nayo. Kufuli likaachia. Kwenye kioo mistari myeupe ilikuwa inapanda mbio: inasoma, inasoma, imebakiza kidogo, imebakiza kidogo zaidi. Akaukamata waya ukutani akauvuta kwa nguvu zote mpaka akaanguka kwa makalio.

Feni ikanyamaza. Salima alikaa pale chini anahema, waya mkononi, na Aisha amesimama kizingitini, sindano mdomoni, haelewi kitu.

Je, aliwahi? Ndilo swali lililomtafuna. Mistari ile hakuiona ya mwisho. Huenda sahihi moja ilikwisha kutoka. Mtandao hautangazi kosa papo hapo, mashahidi wengine hulinganisha kwanza, na majibu yanaweza kuchukua saa kadhaa. Kwenye simu jina lake lilibaki kijani, lakini kijani hicho hakikumwambia chochote.

Akampigia tena baba yake. Iliita, iliita. Ndipo akampigia Longino wa chumvi.

"Salima?" Sauti ya Longino ilikuwa ya mashaka. "Mi nilikuwa natafuta namba yako. Duka ya baba yako iko imefungwa tangu asubuhi. Tunasikia simu inalia humo ndani. Muko na msiba?"

Imefungwa. Mchana. Salima alisahau bangili, akasahau amana na mtandao mzima. Kijani kile kingeweza kuwaka hata kama mzee alibonyeza kifungo kisha akaanguka palepale. Presha yake ilikuwa ya juu, na dawa alikuwa anazirukaruka ili zisiishe haraka.

"Longino, nenda nyumbani ukamuangalie!"

"Naenda sasa hivi," alisema Longino, na yeye naye simu ikamkatika.

Kabla ya kutoka, Salima aliifungua mashine ya Gitega, akaing'oa diski yenye ufunguo wa siri, akaiviringisha ndani ya mtandio na kuitia kwenye mkoba. Hakuuamini tena mlango wowote. Kwa bahati alipata gari dogo la mtu aliyekuwa anapeleka dawa za mifugo Muyinga, akabanwa kati ya maboksi. Njia nzima kupitia Karuzi aliangalia simu mpaka dereva akamuuliza kama anangoja mahari. Mtandao wa simu hamna. Mtandao upo, Longino hapokei. Mtandao hamna tena.

Alishukia sokoni. Mlango wa bluu wa duka la baba yake ulikuwa umefungwa kweli, jua linaupiga. Hakuwahi kuuona ukiwa hivyo mchana, hata rangi yake ilikuwa ngeni kwake, kwa maana siku zote ilifunikwa na vitenge. Longino hakuwapo kibandani. Salima alikwenda nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia, anasema kimoyomoyo ya Rabi, ya Rabi.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Longino alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani. Na Mzee Waziri alikuwa mkekani mbele ya mashine, kanzu imemlowa jasho mgongoni, mkononi ameshika kipande cha katoni, anaipepea. Anaipepea mashine, polepole, kama mtu anavyompepea mgonjwa.

"Baba!"

"Polepole, Mama. Iko na joto sana hii. Feni yake imechoka." Hakugeuka. "Duka yako haikufungwa. Isipokuwa asubuhi kidogo, mpaka ilipowafikia wenzake."

"Anakataa hata kunywa maji," alisema Longino. "Anasema akiiacha itazima."

Salima alitaka kulia, na alitaka kupiga kelele, na kelele ndiyo iliyotangulia. Alimwambia yote, pale amesimama, kandambili moja mguuni. Sahihi mbili, jina moja, mtandao unaita wizi, bangili za mama zinaungua, yeye amekimbia mji mzima kuvuta waya. Mkono wa mzee ulipunguza mwendo. Ukasimama.

"Mi nilikushikia tu," alisema.

"Najua, Baba."

"Mutu akikushikia, wanamuita mwizi?"

"Mashine haijui kama ni baba. Inaona wawili tu."

Mzee aliitazama katoni mkononi mwake. "Eh bien, basi. Hiyo ni kazi ya watu wasio na ndugu."

Salima alikaa mkekani karibu naye akachukua katoni, kwa sababu joto la mashine lilikuwa la kweli, akapepea. Mkono wa pili alishika simu. Longino alileta maji na mzee akanywa. Majibu ya mashahidi yalipoingia, Salima aliyasoma, akayasoma tena. Hakuna kosa. Amana nzima. Alikuwa amevuta waya kwa wakati.

"Bangili iko salama," alisema, na sasa machozi yakaja.

Mzee alifuta uso kwa ncha ya kanzu. Kisha akasogea pembeni kuipisha mashine, macho ameyaelekeza ukutani. "Futa ya hapa basi. Mi nilikosa. Futa, nisije kuigusa tena."

Ni kweli, ufunguo mmoja wa siri lazima ufutwe. Salima alitoa diski ya Gitega kwenye mtandio. Aliifikiria ile mashine yake nzuri, umeme unaokwenda na kurudi utakavyo, mlango wa chuma, kufuli, na hakuna mtu duniani wa kuipepea. Akaichomeka diski kwenye kompyuta ya mkononi aliyokwenda nayo Giheta, akaandika amri ambayo vidole vyake viliikwepa siku ile ya kuhamisha, akabonyeza. Ufunguo wa Gitega ukafutika.

"Umefuta?"

"Nimefuta ule wangu. Iko moja tu sasa, Baba, na iko hapa kwako. Ikizima, iache izime. Usiite mutu, usitafute ingine."

"Na we?"

"Mi sina."

Mzee akajiinua kwa shida, akaenda nyuma ya mlango, akautoa ufunguo wa duka msumarini. Alama yake ilibaki ukutani, nyeupe. Akaja akamtilia mkononi, akamkunjia vidole kimoja kimoja.

"Mutoto wangu hawezi kukaa bila ufunguo," alisema. "Nenda ufungue duka. Mi siwezi kutoka hapa, iko na joto."

Salima alikwenda sokoni na Longino nyuma yake. Mlango wa bluu ulifunguka bila kusumbua. Wakatundika vitenge nje, upande huu na upande huu, wakati jua bado liko juu ya mabati, na mwanamke mmoja akasimama palepale kushika kimoja na kuuliza mzee yuko wapi.

"Iko kazini," Salima alisema, akachukua futi ya kupimia.